Dakika Kumi za Lamu

Mimi sifungi Ramadhani. Nasema mapema, asije mtu akauliza kwa nini Mwalimu Skolastika, Mkatoliki wa kutoka Songea, anajitia kusimulia habari za azana. Nasimulia kwa sababu nimekaa ukuta kwa ukuta na msikiti wa mtaa wetu hapa Bagamoyo miaka ishirini na tisa, na miaka yote hiyo sijanunua saa ya kuniamsha. Saa yangu ni koo la Mzee Mundhir. Akiadhini alfajiri, naamka nabandika maji. Akiadhini magharibi, nafungia kuku. Kuku wenyewe walishamzoea, wakimsikia tu wanajipanga mlangoni kama wanafunzi mstarini.

Mzee Mundhir bin Azan ana miaka sabini na miwili. Mchana yuko dukani kwake, duka dogo la uzi, zipu na vifungo. Ukimpelekea kifungo kimoja kilichobaki kwenye shati, atakaa nusu saa akikutafutia ndugu zake katika makopo, na asipowapata atakusikitikia kana kwamba umefiwa. Kuadhini hakumlipi hata senti. Alirithi kwa baba yake, aliyerithi kwa babu yake, ambaye alikwenda Lamu kijana akasoma huko miaka sita na kurudi na ile namna yao ya kuadhini, ya polepole, isiyo na mbwembwe. Hilo la Lamu utalisikia ukikaa naye dakika tano. Usipokaa naye, utalisikia kwa mkewe, Bi Ghalia.

Zamani alikuwa na ratiba ya karatasi na saa ya ukutani. Macho yalipoanza kufifia, binti yake aliye Maskati akamletea simu kubwa, ndani yake mna programu ya nyakati za sala. Ikifika saa ya sala simu inatetemeka mfukoni, mzee anasimama. Rahisi kabisa. Saa ya ukutani ikaisha betri na hakuna aliyehangaika nayo, ya nini na simu ipo? Ndivyo hawa wenye makampuni ya simu wanavyotupata. Kwanza wanakupa kitu kizuri bure, unatupa ulichokuwa nacho, halafu wanaanza kukuonyesha rangi zao.

Rangi ya kwanza ilikuwa matangazo. Siku moja, mwezi wa Shaabani, mzee amesimama mbele ya kipaza sauti, ameshatia vidole masikioni, mara simu mfukoni ikajiwasha kwa sauti ya binti mchangamfu: "Weka mkeka wako leo, ushinde mamilioni!" Kamari, tena msikitini, ambako mikeka ilikuwa imeshatandikwa kwa kazi nyingine. Tangazo lilisikika mpaka sokoni. Mimi nilicheka hadi nikakaa chini. Mzee Mundhir hakucheka. Alifunga duka siku mbili kwa aibu.

Rangi ya pili haikuchekesha.

Ilikuwa Ramadhani ya mwaka jana, siku ya tano. Mbingu ilikuwa nzito tangu mchana, wingu jeusi la mvua ya masika limetandaa, huwezi kujua jua liko wapi. Nilikuwa barazani kwa Bi Ghalia, maana Ramadhani nzima huwa ananipelekea mtu kuniita, na nisipokwenda ananuna. Kaimati ziko mezani, uji wa pilipili manga unafuka moshi. Mzee akaadhini. Bi Ghalia akatia tende mdomoni, na mtaa mzima ukatia tende mdomoni. Nikatazama kwangu ng'ambo ya njia, nikaona kuku wangu hawajajipanga. Nikawaambia kimoyomoyo, leo mmezubaa.

Kumbe waliozubaa ni sisi. Hata uji haujapoa, wingu likapasuka upande wa magharibi, na jua likatokea. Jua zima, jekundu, limekaa juu ya minazi linatuangalia. Bi Ghalia aliliona akiwa na kaimati ya pili mkononi. Akaiweka chini polepole. Akasema, "Mwalimu, hilo nini?"

Dakika chache baadaye misikiti mingine ya mji ikaanza kuadhini, mmoja baada ya mwingine, na kila azana ilikuwa kama kofi. Kwa asiyejua, nieleze: ukifuturu kabla ya jua kuzama, hata kwa bahati mbaya, masheikh wa hapa watakwambia siku yako imeharibika, utailipa baada ya Idi. Kaya zaidi ya mia mbili hufuata azana ya msikiti ule. Wajawazito waliojikaza, wachukuzi wa chumvi walioshinda juani, na vizee kama Bi Ghalia mwenyewe, wote funga yao ilikwenda na maji kwa dakika kumi.

Asubuhi yake mzee alikuja kwangu. Hakuingia, alisimama mlangoni ameshika simu kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Mzee Mundhir."

"Marahaba, Mwalimu. Hebu nitazamie kitu hiki. Wewe umesoma."

Nikavaa miwani. Programu ilikuwa imejibadilisha yenyewe mchana wa siku ile, toleo jipya, rangi mpya, mwezi mwandamo unaozungukazunguka usio na maana yoyote. Na juu kabisa, kwa herufi ndogo kama chawa, paliandikwa: Lamu.

"Lamu?" nikasema. "Mzee, nani ameweka Lamu?"

Akasema, "Mimi."

Ikatoka yote. Toleo jipya lilipofunguka lilimwambia mji wake haumo kwenye orodha, achague mji wa karibu. Bagamoyo, iliyokuwamo miaka mitatu, imefutwa. Nani kaifuta, kwa sababu gani, hakuna wa kumuuliza. Aliletewa Arusha, Dar es Salaam, Dodoma, Lamu, Mombasa, Mwanza.

"Sasa kwa nini hukuchagua Dar es Salaam? Si hapo tu?"

Mzee Mundhir akajinyoosha. "Dar es Salaam? Mwalimu, mimi niadhini kwa Dar es Salaam? Mji wa juzi, haujui hata ulizaliwa lini? Babu yangu alisomea Lamu. Azana yangu ya Lamu. Nikasema pwani ni moja, bahari ni moja, jua litakuwa lipi jingine?"

Nilikasirika, kisha nikamhurumia, kisha nikakasirika tena. Miaka thelathini na minne nimefundisha jiografia. Nikamchukua ndani, nikamfungulia atlasi, nikamwonyesha. Jua linatoka mashariki. Lamu iko mashariki yetu kwa nyuzi mbili za longitudo, na kila uzi ni dakika nne. Nyuzi mbili, dakika nane. Ongeza kwamba mwezi ule wao walioko kaskazini mchana wao ni mfupi kidogo kuliko wetu, unapata dakika kumi. Alifuata kidole changu kwenye karatasi bila kupumua.

"Kwa hiyo wa Lamu walikuwa sawa," akasema.

"Wa Lamu walikuwa sawa. Sisi ndio hatuko Lamu."

Akafunga atlasi mwenyewe, akapitisha kiganja juu ya jalada kama anafuta vumbi. "Nilihisi ni mapema," akasema. "Wallahi nilihisi. Miaka arobaini na moja naadhini, mwili unajua. Nikauambia mwili nyamaza, simu haikosei."

Tukaamua kuiandikia kampuni. Hapa ndipo nilipotaka kumpiga mtu. Ukibonyeza penye msaada hupati mtu, unapata dude linalojiita msaidizi, linaloandika Kiswahili kilichopikwa nusu. Mzee akaniambia niandike kama anavyosema, neno kwa neno. Nikaandika: "Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakufikieni mkiwa wazima wa afya, nyinyi na watu wa nyumbani kwenu."

Dude likajibu: "Samahani, sijaelewa. Jaribu tena kwa maneno machache."

"Waambie basi, habari za kazi," akasema mzee.

"Mzee, hili si mtu."

"Hata kama. Huwezi kumwendea asiyekujua ukaanza na shida."

Nikaandika habari za kazi. Dude likasema samahani. Nikaandika, Bagamoyo imefutwa, irudisheni, watu wamefunguzwa kabla ya wakati. Likasema asante kwa kutupenda, na likaomba tulipe nyota kati ya moja na tano. Nikataka kulipa matusi. Mzee alichukua simu akabonyeza nyota moja, akafikiri, akaongeza ya pili. Nilipomtolea macho akasema, "Pengine kuna mtoto wa watu kaajiriwa huko naye hajui lolote. Asifukuzwe kwa ajili yangu." Mpaka leo hatujajibiwa.

Wakati huo mtaani maneno yalikuwa yanakwenda mbio. Katibu wa msikiti ni Ashrafu, muuza vifaa vya umeme, mtu mwema, ila anapenda kila kitu chenye taa. Tangu kesho yake alichukua kipaza sauti akawa anaadhini yeye, na mzee hakumzuia. Sauti ya Ashrafu si mbaya. Lakini kuku wangu walikataa katakata kuingia bandani, nikawa nawafukuza kwa fagio kila magharibi. Na Bi Ghalia aliacha kuniita kwenye futari. Alikuwa anakula jikoni, peke yake, kwa sababu mumewe hakuwa akila mbele ya watu.

Ashrafu akaitisha kikao, Ijumaa baada ya alasiri. Ilijulikana kinahusu nini. Alikuwa ameleta kutoka Kariakoo mashine ya kuadhini yenyewe, sanduku jeusi lenye taa za kijani, azana ya sauti nzuri ya mtu asiyejulikana. Haizeeki, haina miwani, haina babu aliyesomea popote. Mzee Mundhir angepumzishwa kwa heshima, angepewa kanzu mpya na dua.

Mchana ule nilimfuata dukani. Nikamwambia la moyoni, na sijivunii. "Mzee, watu wote wanajua programu imeharibika. Wanailaani kampuni usiku na mchana, na kampuni imestahili. Habari ya Lamu tunaijua wewe na mimi tu. Iache ilale. Sema simu ilikosea, usimame na azana yako."

Alikuwa anachambua vifungo vyeusi na vya bluu iliyokolea, ambavyo kwa macho yake ni kitu kimoja. "Simu haikuchagua Lamu, Mwalimu," akasema. "Iliuliza. Nikaulizwa nikajibu kwa majivuno." Nikamsaidia kutenga vifungo.

Alasiri ile wanawake tulikuwa barazani kwa Bi Ghalia, ng'ambo ya njia, tukisubiri. Kikao hakisikiki kutoka pale, unaona viatu tu mlangoni. Mara spika za mnarani zikakwaruza. Tukashtuka, magharibi bado. Halafu tukasikia kikohozi tunachokijua.

"Assalaam aleikum," ilisema sauti ya Mzee Mundhir, juu ya paa zetu zote. "Nimeomba ruhusa ya kikao niwashe chombo hiki, kwa kuwa niliowakosea si hawa waliokaa hapa tu. Wapo kina mama majumbani, na wagonjwa. Mnasema simu imekosea. Simu ina makosa yake, na waliofuta jina la mji wetu wana makosa yao, na Mungu anawaona. Lakini niliambiwa nichague mji, nikachagua Lamu. Dar es Salaam ilikuwepo, ingetufaa, nikaidharau. Ni kibri changu tu. Nimekuharibieni siku. Naomba radhi kwa kila mmoja, na amana yenu hii naiweka chini."

Bi Ghalia alijifunika uso kwa mtandio. Nikamshika mkono. Nilimpenda mzee yule wakati ule kama baba yangu, na nilijionea aibu kwa ushauri niliompa.

Kisha Sikuzani, yule mama anayekaanga vitumbua pembeni ya msikiti, mwanamke mwenye kifua cha kuita watu wa Kerege, kijiji cha mbali, akasimama mlangoni kwake akapaza: "Tumekusamehe, baba! Siku yetu tutailipa! Ila hilo sanduku msituletee!"

Watu wakacheka, hata waliokuwa kikaoni tuliwasikia. Ashrafu akatoka nje, amebeba sanduku lake, uso umemshuka. Nikavuka njia. Ashrafu nilimfundisha mimi, kidato cha tatu, na alama alizopata sitazitaja.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Ashrafu, kati ya Lamu na Bagamoyo, wapi jua linatangulia kuzama?"

Akatazama chini kama miaka ile. Nikamwambia, haya, lifungue sanduku lako, tuone linaujuaje wakati. Akalichomeka palepale kwa Sikuzani. Taa za kijani zikawaka, likaimba kidogo, halafu kwenye kioo chake kidogo likaandika: Chagua mji. Ashrafu akabonyeza, akabonyeza tena, akashuka mpaka mwisho wa orodha na kurudi juu. Bagamoyo haikuwemo. Akachomoa waya.

"Kwa hiyo tufanyeje, Mwalimu?"

"Kanunue betri ya saa ya ukutani," nikasema. "Hilo la kwanza."

La pili tulilifanya mimi, mzee na mkewe. Nyumba yangu ina paa la zege, nililimwaga nikitarajia ghorofa, kiinua mgongo kikanikatalia. Kutoka pale unaona magharibi yote bila kizuizi. Jioni nne mfululizo tulipanda, mimi na daftari, Mzee Mundhir na saa, na Bi Ghalia na thermosi yake ya kufungulia, tukalisubiri jua. Siku mbili mawingu yalitunyima. Siku mbili tulilipata, likazama mbele yetu dakika ileile niliyoipiga kwa hesabu, na mzee alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya tano. Nikaandika ratiba ya mwezi mzima kwa kalamu nene, herufi kubwa ambazo hata yeye atazisoma, na juu yake nikaandika Bagamoyo, nikapiga mstari mara mbili. Mzee mwenyewe akaomba tuongeze dakika mbili za tahadhari kila magharibi. Ashrafu akaibandika ukutani chini ya saa. Kikao kikakubali mzee ajaribiwe. Akikosea tena, hata kwa dakika moja, sanduku litawaka, Bagamoyo iwemo kwenye orodha, isiwemo.

Basi ikafika jioni yake ya kurudi, na kama kwa makusudi, mbingu ikafunga tena. Wingu lilelile. Bi Ghalia alikuwa ameniita tangu saa kumi. Baraza ilijaa, na ng'ambo yake Sikuzani, na vijana wa bodaboda, na Ashrafu mwenyewe kwenye ngazi za msikiti, kila mtu na tende mkononi. Nami nisiyefunga nilishika yangu.

Simu ya kijana mmoja wa bodaboda ikaanza kuadhini mfukoni. Akaizima, hakula. Ikafuata ya mwingine, ya tatu ikafuata kutoka dirishani kwa jirani, kila moja na dakika yake, kila moja na uhakika wake. Kaimati zilikuwa zinanukia, watu wameshinda na njaa tangu alfajiri, na hakuna mkono hata mmoja uliokwenda mdomoni. Ashrafu aliitazama simu yake, akaigeuza kifudifudi kwenye ngazi.

Spika ikakwaruza. Kikohozi kikasikika. Na ile azana ya Lamu, ya polepole, isiyo na mbwembwe, ikatoka.

Ng'ambo ya njia niliwasikia kuku wangu wakigombania mlango. Bi Ghalia alikuwa analia na kutafuna kwa pamoja. Akanisukumia sahani.

"Kula, Mwalimu," akasema. "Limezama."